Somo la Mwezi Huu: "Wamerudi" Maana Yake Nini?

Someni kwanza: Ezra 2 na Nehemia 7



Wengi wetu tukisoma Biblia na kufika kwenye sura ya pili ya Ezra huiruka. Ni orodha ya majina na tarakimu, haina kisa wala wimbo. Mimi nami niliiruka kwa miaka mingi, ingawa nilikuwa mwalimu na majina na tarakimu ndizo zilizonipatia chakula. Mwezi huu nawaomba msiiruke. Sura hii ni rejista ya watu waliong'olewa makwao na vita, wakakaa ugenini, na mwishowe wakarudi. Somo letu ni juu ya rejista za namna hiyo: jinsi zinavyoandikwa, mahali zinapokosea, na nani huumia zinapokosea. Nitachukua mfano wa hapa kwetu Kenya, wa mwaka 2008, kwa sababu ndio ninaoujua, na kwa sababu katika hesabu ile mimi mwenyewe nilikosea mstari mmoja.

Ezra anaandika jamaa baada ya jamaa. Wengine anawataja kwa jina la baba yao, wengine kwa mji wao: watu wa Bethlehemu 123, watu wa Anathothi 128. Mwishoni anatoa jumla, watu 42,360, mbali na watumishi 7,337 na waimbaji 200. Sasa chukueni penseli mjumlishe mistari yote, kama nilivyofanya mimi jioni moja. Mtapata 29,818. Watu zaidi ya 12,000 wamo katika jumla wala hawamo katika mistari. Nehemia anairudia orodha hiyo, naye atoa jumla ileile ya 42,360, lakini mistari yake yafika 31,089, na waimbaji kwake ni 245.

Wafasiri wameeleza tofauti hizi kwa njia nyingi, nami sitaingia katika mabishano yao. Napenda tu kwamba waliozihifadhi orodha hizi mbili hawakuzilainisha zikafanana. Mtu aliyewahi kuhesabu watu waliotoka katika ghasia anajua kwamba hesabu mbili za watu walewale hazilingani, na zikilingana kabisa yafaa kuuliza nani alinakili kwa mwenzake.

Kisha tazameni jamaa za Delaya, Tobia na Nekoda, watu 652 kwa Ezra na 642 kwa Nehemia. Hao hawakuweza kuonyesha nyumba ya baba zao. Walisafiri pamoja na wengine, wakaandikwa, lakini wakaandikwa kando. Wakumbukeni hao, kwa maana tutakutana na wenzao mbele.

YALIYOTUKIA

Uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30, ghasia zilizuka siku ileile, na zilikuwa kali hasa katika Bonde la Ufa. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliandika vifo 1,133. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008, Kofi Annan akiwa mpatanishi. Kati ya tarehe hizo watu walikimbilia vituo vya polisi, makanisa, na viwanja vya maonyesho ya kilimo vya Nakuru na Eldoret. Makanisa mengi yaliwasitiri. Lile la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa tarehe 1 Januari 2008 na watu wakiwa ndani. Sisi tuliopokea watu kwenye viwanja vya makanisa yetu tulizisikia habari zile siku ileile, na usiku ule hatukulala.

Haikuwa mara ya kwanza. Kati ya mwaka 1991 na 1993, kwa makadirio ya wakati ule, watu wapatao 300,000 walifukuzwa mashambani katika Bonde la Ufa na sehemu za jirani. Baadhi yao walikaa katika kambi ya Maela, upande wa Naivasha. Desemba 1994 kambi ile ilivunjwa, watu wakapakiwa kwenye malori, wakashushwa mahali kama Ndunyu Njeru na uwanja wa Kirigiti. Kambi ya Maela ikawa haipo tena. Waliokuwamo hawakuwa wamefika kwao.

Mwaka 2008 hesabu iliyotolewa na serikali ilikuwa watu 663,921 waliohamishwa, na nyumba 78,254 zilizoharibiwa. Watu hao waligawanywa katika mafungu mawili: 350,000 waliokuwa katika kambi 118, na 313,921 waliokuwa wamepokelewa na jamaa na marafiki au kupanga vyumba mijini. Mwalimu wa hesabu akiiona 350,000 kamili imekaa kando ya 313,921 hawezi kuacha kutabasamu kidogo. Moja yaonekana imekadiriwa, na nyingine yaonekana imeandikwa mtu kwa mtu. Lakini tusicheke sana, kwa kuwa fungu hilo la pili, waliokuwa nyumbani kwa watu, ndilo lililosahauliwa mara nyingi zaidi baadaye. Mtu akilala kwenye hema kila apitaye barabarani humwona. Akilala jikoni kwa dada yake, anaitwa mgeni tu.

Hapa kuna neno la kufafanua. Zilikuwako pia familia 640 zilizovuka mpaka kuingia Uganda. Hao kwa sheria ni wakimbizi, nao wana mkataba wa mwaka 1951 unaowalinda. Aliyekimbia kutoka Burnt Forest mpaka Nakuru amepoteza vitu vilevile, lakini hakuvuka mpaka, kwa hiyo analindwa na serikali yake mwenyewe au halindwi na mtu. Ndiye tunayemwita mkimbizi wa ndani. Kwa ajili ya watu kama hao Francis Deng, msomi wa Sudan aliyekuwa mwakilishi wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alisimamia kuandikwa kwa kanuni 30 zilizotolewa mwaka 1998. Afrika ikatunga mkataba wake huko Kampala mwaka 2009, nao ukaanza kutumika mwaka 2012. Kenya ilipitisha sheria yake yenyewe juu ya wakimbizi wa ndani mwaka huohuo wa 2012. Sheria zipo, basi. Sheria haiwezi kumsaidia mtu ambaye jina lake halimo katika kitabu.

REJISTA YA DARASA

Kila mwalimu aliyepita chuo cha ualimu alifundishwa kwamba rejista ina mambo mawili yasiyochanganywa. La kwanza ni idadi ya siku: asubuhi hii darasani wamo wangapi. La pili ni mwendo: mwezi huu wameingia wangapi, wametoka wangapi. Darasa laweza kuwa na watoto 45 mwanzo wa mwezi na 45 mwisho wa mwezi, kumbe kumi wameondoka na kumi wengine wamekuja. Anayesoma idadi peke yake atasema hapakuwa na badiliko lolote.

Wale wanaohesabu wakimbizi wa ndani wa dunia nzima hufanya vivyo hivyo. Kiko kituo huko Geneva, kilichoanzishwa mwaka 1998 na Baraza la Wakimbizi la Norwe, ambacho hutoa hesabu kila mwaka. Mwisho wa mwaka 2024 kilihesabu watu milioni 83.4 waliokuwa nje ya makao yao lakini ndani ya nchi zao; milioni 73.5 kati yao walihamishwa na vita na ghasia, na waliobaki walihamishwa na maafa kama mafuriko. Katika mwaka huohuo kilihesabu mihamo milioni 65.8. Hiyo ya pili si idadi ya watu. Mama aliyekimbia mara tatu kwa mwaka yumo mara tatu katika hesabu ya mihamo, na mara moja tu katika hesabu ya watu. Magazeti huzichanganya tarakimu hizi mbili kila mwaka, na msomaji huachwa akishangaa.

Sasa tuje kwenye kurudi. Kurudi ni hesabu ya kutoa, na kutoa ndiko kugumu. Mtoto akihama shule, mwalimu hamfuti kwa sababu tu dawati lake li tupu. Huandikwa barua ya uhamisho, na shule impokeayo hujibu. Jibu likifika, ndipo jina hupigwa mstari. Aliyetoweka bila barua huandikwa hayupo, na mwalimu mzuri hutuma mtu kumtafuta. Katika kambi za wakimbizi wa ndani mambo huenda kinyume. Hema likiwa tupu, mwenyewe huandikwa amerudi.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme kuna familia ya watu saba. Baba hushinda shambani kwake akipalilia, na jioni hurudi kulala kwenye hema kambini, kwa kuwa nyumba ilichomwa na usiku ana hofu. Wana wawili wakubwa wako naye kambini, maana shule iko karibu. Mama na watoto wawili wadogo wamepanga chumba mjini, naye anauza mboga. Nyanya amechukuliwa na binti yake katika wilaya nyingine.

Mwandishi wa kwanza anafika kijijini saa sita mchana. Anamkuta baba na jembe lake, anaandika: familia moja imerudi, watu saba. Mwandishi wa pili anafika kambini saa mbili usiku. Anawaona baba na wanawe, anaandika: watu watatu hawajarudi. Mjini hakuna mwandishi, kwa kuwa mama ni mpangaji kama wapangaji wengine. Kwa nyanya hakuna aliyefikiria kwenda. Jumlisheni. Familia ya watu saba imekuwa watu kumi katika vitabu, na wanne kati yao hakuna mwandishi aliyewaona kwa macho.

Msidhani nimeutunga mfano huu ili uwe mgumu. Familia zilizogawanyika hivi zilikuwa nyingi mno mwaka 2008, na katika nyingi baba ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudi shambani, kwa sababu mvua haingoji amani.

RUDI NYUMBANI

Tarehe 5 Mei 2008 serikali ilianzisha mpango ulioitwa Operesheni Rudi Nyumbani. Kila familia ilitengewa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na ile iliyochomewa nyumba shilingi 25,000 za kujengea. Wengi walifurahi kwa haki kabisa. Walikuwa wamekaa matopeni miezi minne, na majira ya kupanda yalikuwa yanapita.

Tangu siku fedha zilipotajwa, rejista haikuwa tena kitabu cha kujua watu wako wapi. Ilikuwa ufunguo wa fedha. Wako waliojiandikisha bila kuhama hata hatua moja, na ziko familia zilizoandikwa katika kambi mbili. Hayo yalisemwa sana, na kwa sauti kubwa. Kosa la upande wa pili lilisemwa kwa sauti ndogo: watu waliohama kweli lakini hawakuandikwa, kwa kuwa siku ya kuandikwa walikuwa kwa shangazi yao wala si kambini. Kwa maoni yangu kosa hili la pili lilikuwa kubwa zaidi. Mdanganyifu aweza kukamatwa baadaye, kwa maana jina lake limo kitabuni. Asiyeandikwa hana hata mahali pa kuanzia kulalamika. Madai ya hao waliokaa na jamaa zao yaliendelea miaka mingi baada ya kambi kusahauliwa.

Kambi kubwa zilipungua upesi, na tarakimu za waliorudi zikapanda. Lakini malori mengi hayakufika mlangoni pa mtu. Yalifika kwenye viwanja vidogo karibu na mashamba, watu wakapiga hema zilezile pale, wakawa wanaviona viwanja vyao kwa mbali. Ziliitwa kambi za mpito. Je, aliye katika kambi ya mpito amerudi? Kitabu cha kambi kubwa kilisema ndiyo, kwa kuwa hakuwa tena mle. Yeye mwenyewe, ukimuuliza, alisema bado.

Tena mpango wenyewe ulifikiri juu ya mtu mwenye shamba. Jina lake lenyewe latuambia hivyo: rudi nyumbani. Je, mwenye duka la kupanga? Fundi cherehani? Kibarua wa shamba la mtu? Mtu aliyenunua ekari mbili kwa mkataba wa karatasi, na karatasi ikaungua pamoja na kitambulisho? Hawa ndio wenzao wa Delaya na Tobia, watu wasioweza kuonyesha nyumba ya baba zao. Wengi wao walikataa kupanda malori, si kwa ukaidi kama ilivyosemwa, bali kwa sababu dereva angewauliza wanakwenda wapi nao hawana la kujibu. Baadhi walichanga zile shilingi 10,000, wakanunua pamoja vipande vya ardhi kama kule Maai Mahiu, wakakaa hapo, wengine katika viplotí vidogo vya kutosha hema na bustani ya vitunguu. Hawakurudi, na hawatarudi. Hata hivyo kwa miaka kadhaa walikuwa wakitajwa kama watu waliokwama njiani.

MSTARI WANGU

Januari 2008 familia zilipofika kwenye uwanja wa kanisa letu, nilipewa daftari kwa kuwa mimi ni mwalimu. Nililipiga mistari kwa rula kama rejista ya shule: jina la mwenye nyumba, idadi ya watu, walikotoka, siku waliyofika, na safu ya mwisho ya alama. Mwezi wa Mei malori yalipokuja, kila familia iliyopanda niliiandikia herufi W, yaani wamerudi. Niliandika kwa wino mwekundu. Jioni nilimpelekea kasisi daftari lile nikiwa na furaha, maana karibu ukurasa wote ulikuwa mwekundu.

Katika familia moja alikuwamo mvulana wa darasa la nane, aliyepokelewa shuleni kwetu na kuandikishwa hapo kwa mtihani wa mwisho. Kuondoka kwake hakukufuta kuandikishwa kule. Mwezi wa Novemba ilimpasa arudi kwetu kuufanya. Mwalimu mkuu aliniuliza familia ile iko wapi. Nilifungua daftari nikajibu bila kusita: wako kwao. Barua ikapelekwa kwa chifu wa huko. Haikumpata mtu.

Desemba nilimkuta mama yake kwenye soko la barabarani akiuza sukuma wiki.

"Mwalimu," alisema baada ya salamu, "lile lori lilitushusha njia panda. Sisi kwetu kulikuwa chumba cha kupanga. Mwenye chumba alikuwa ameshampa mtu mwingine."

Mumewe alibaki kwenye kambi ya mpito akilinda hema, kwa sababu wenye hema ndio waliokuwa wakiandikwa kupata mabati. Yeye na wadogo walikuwa sokoni. Mvulana alikuwa kwa mjomba wake, mbali, akichunga ng'ombe. Mtihani ulikuwa umepita mwezi mzima. Nilimuuliza kwa nini hawakutuma habari.

Akanitazama. "Nilidhani mwajua tuliko, Mwalimu. Si mlituandika?"

Mvulana alirudia darasa la nane mwaka uliofuata, katika shule nyingine. Hakuna aliyenilaumu, kwa kuwa daftari langu lilikuwa safi na jumla zake zilikuwa sawa. Lakini mimi niliandika W siku ambayo nilichoona kwa macho yangu kilikuwa watu wakipanda lori. Ilinipasa niandike wameondoka, nisiongeze neno.

JINSI WENGINE WANAVYOHESABU

Nilipostaafu nilipata nafasi ya kusoma jinsi kazi hii inavyofanywa mahali pengine, na nchi iliyonifundisha zaidi ni Iraki, kwa sababu huko waliohama na waliorudi wamefuatwa kwa muda mrefu. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilianza huko mwaka 2004 utaratibu wa kufuatilia mihamo, ambao sasa unatumika katika nchi nyingi. Wajumbe wake hawagongi kila mlango. Huenda kijiji kwa kijiji na mtaa kwa mtaa, wakawauliza watu wanaojulikana kuwa na habari, yaani wazee, viongozi wa mtaa, walimu: hapa wamekuja familia ngapi, zimetoka wapi, zilikuja lini, ngapi zimeondoka. Jibu la mmoja hulinganishwa na la mwingine. Baada ya muda hurudi mahali palepale na kuuliza tena. Huko kurudi na kuuliza tena ndiko kunakoleta faida, kwa kuwa hesabu ya mara moja ni kama picha ya mtu anayekimbia.

Udhaifu wake nao u wazi. Wanachohesabu ni familia, kisha huzidisha mara sita ili kupata watu, kwa kuwa sita ndiyo wastani wa familia ya Iraki. Mjane mwenye mtoto mmoja huwa watu sita. Kwa nchi nzima makosa hupatana, lakini kwa kijiji kimoja yaweza kupotosha.

Mwisho wa mwaka 2017, baada ya vita ya kuwaondoa wapiganaji walioiteka Mosul na miji mingine, waliorudi walihesabiwa milioni 3.2 na waliokuwa bado nje milioni 2.6. Kwa mara ya kwanza tangu matatizo yale kuanza waliorudi walikuwa wengi kuliko waliobaki nje. Ni habari njema. Lakini someni maana waliyoipa neno "aliyerudi": ni mtu aliyefika tena mahali alikotoka, awe amelala katika nyumba yake au katika makao mengine yoyote. Kwa maana hiyo mtu wetu wa kambi ya mpito angeandikwa amerudi. Wahesabuji wenyewe waliliona tatizo hilo, kwa hiyo wakaongeza hesabu ya pili yenye vipimo 16, inayouliza hali ya mahali pale: kuna kazi, maji, shule, nyumba zimejengwa tena, watu wanasalimiana, wanaogopa kutembea? Ndipo walipoweza kuonyesha kwamba wako waliorudi mahali ambapo bado hapakaliki. Naye mkubwa akifunga kambi kwa haraka, kama ilivyofanyika huko kuanzia Oktoba 2020, utaratibu wa kurudi na kuuliza tena ndio unaofichua kwamba wengi wa waliotoka hawakufika makwao.

Mwongozo uliotolewa mwaka 2010 na mashirika ya Umoja wa Mataifa na wenzake unakwenda mbali zaidi, nao nauona kuwa wa haki. Unasema ziko njia tatu za kumaliza uhamisho: kurudi, kukaa hapo ulipokimbilia, au kwenda kuanza mahali pengine, na ni mwenyewe anayechagua. Sheria ya Kenya ya 2012 inazitambua njia hizo tatu. Uhamisho haumaliziki siku mtu anaposhuka kwenye lori. Humalizika anapokuwa hana tena shida iliyoletwa na kuhamishwa: ana usalama, ana njia ya kula, ana mahali pa kukaa au fidia yake, ana vyeti vyake vilivyopotea, familia yake imekusanyika. Kwa kipimo hicho wale wa Maai Mahiu waweza kuwa wamemaliza, na baba aliyerudi shambani peke yake aweza kuwa hajaanza.

DAFTARI LETU

Huenda mtauliza kanisa dogo kama letu lina kazi gani hapa. Mashirika yana magari na watu waliosomea kazi hii. Lakini mjumbe wa shirika akifika mtaani na kuuliza nani ana habari, ataletwa kwetu. Sisi ndio tunaoulizwa. Akina mama wa Umoja wanajua jikoni kwa nani kuna wageni ambao hawaondoki. Walimu wa shule ya Jumapili wanajua ni mtoto gani hasemi kwao ni wapi.

Mwaka huu baraza la kanisa limekubali tuanze daftari jipya, si kwa sababu kuna ghasia sasa, bali kwa sababu mwaka 2008 tulianza kulipiga mistari watu wakiwa wamesimama mlangoni. Kila mtu ana mstari wake, mpaka mtoto mchanga na nyanya. Baada ya safu ya walikotoka kuna safu ya kuondoka, na kando yake safu ya "nani alisema". Kisha kuna safu tatu zilizo tupu, za kuandika tarehe tulizowasikia tena: baada ya mwezi mmoja, baada ya miezi sita, baada ya mwaka. Herufi W haimo.

Safu ya kabila haimo pia, nami nilisisitiza hivyo. Orodha inayoonyesha nani ametoka wapi na amelala kwa nani ni msaada mkubwa siku ya amani, na siku ya ghasia ni hatari iliyo wazi, ikiangukia mikononi mwa wabaya. Kwa hiyo daftari halitakaa mezani pa mlangoni pamoja na vitabu vya nyimbo. Litafungiwa kabatini katika chumba cha kasisi, na ufunguo utakuwa na watu wawili tu. Anayetaka jina lake lisiandikwe halitaandikwa, wala hatanyimwa chakula kwa sababu hiyo.

Kwa vikundi vinavyokutana majumbani wiki hii: baada ya kusoma sura zile mbili, kila kikundi kifikirie familia zilizokuja mtaani kwenu tangu mwaka 2008 na ambazo hazijaondoka, na familia zilizoondoka ambazo mlisikia kwamba zimerudi kwao. Kwa zile za pili ulizaneni: nani kati yetu amewaona huko kwa macho? Ikiwa hakuna, nani ana namba yao ya simu? Piganeni simu kabla ya Jumapili. Majibu mniletee mimi baada ya ibada ya saa nne, nami nitayaingiza daftarini. Andikeni kwa penseli, kwa maana mengine tutayafuta.